Babu alipigana Burma akarudi kukata mkonge, mwanajeshi wa Marekani karudi kapewa chuo na nyumba. Ilikuwaje?

MjukuuWaKeya (Tanga) ameandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie kuelewa jambo moja maana tangu wiki iliyopita linanizunguka kichwani na sipati wa kuongea naye nyumbani.

Babu yangu mzaa baba alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Alichukuliwa kijana kutoka kwetu Muheza, akapelekwa Kenya mafunzo, kisha melini, kisha Burma kupigana na Mjapani. Hakuwa msimuliaji, ila mvua kubwa ikipiga usiku alikuwa anaamka anakaa barazani mpaka kunakucha na bibi anatuambia muacheni, yuko Burma huyo. Alirudi 1946 na kiinua mgongo kidogo, koti la jeshi na karatasi ya kuachishwa, miezi michache hela imeisha akaenda kujiandikisha shamba la mkonge, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Alikuwa anasoma Kiswahili vizuri na Kiingereza kidogo cha jeshini. Mpaka anafariki alikuwa anarudia neno moja, "ningepata shule mimi".

Sasa mwanangu yuko kidato cha sita anasoma historia, juzi usiku nilikuwa namsikiliza anajisomea kwa sauti habari za Marekani baada ya vita. Anasoma kwamba mwanajeshi wao aliyerudi mwaka ule ule, vita ile ile, adui yule yule, serikali ilimlipia chuo, ikampa hela ya kula akiwa anasoma, ikamdhamini mkopo wa nyumba, na kama hana kazi analipwa dola 20 kila wiki mpaka mwaka mzima. Nikamwambia rudia hapo. Akarudia. Nikatoka nje.

Naombeni mniambie ilitokeaje. Ni kwa sababu Marekani walikuwa na hela tu au kuna siasa ndani yake? Na walipewa wote kweli? Na maisha ya mtu wa kawaida kule yalikuwaje miaka ile, maana kwenye daftari la mtoto naona sheria na tarehe, watu siwaoni. Jibu la "wazungu wanapendana" nishalisikia sana kijiweni, nataka kuelewa.

MwalimuMstaafu_Pongwe ameandika:

Mjukuu wa keya, pole na hongera kwa kuuliza. Nimefundisha historia miaka mingi na hili swali lako sikuwahi kuulizwa na mwanafunzi hata mmoja, ngoja nijitahidi.

Kwanza ujue Marekani haikuwa na desturi ya kuwatunza wanajeshi wake hivyo. Waliopigana vita ya kwanza waliahidiwa malipo ya ziada ambayo yangelipwa 1945, ikaja njaa ile ya miaka ya 30, watu hawana kazi, wakasema tupeni sasa hivi tunakufa. Mwaka 1932 maelfu yao wakaenda Washington na wake na watoto wakapiga kambi za mabati na maboksi. Rais Hoover akatoa amri, jeshi likaja na vifaru na mabomu ya machozi likachoma kambi, na aliyeongoza jeshi ni Jenerali MacArthur, yule yule aliyekuja kuwa mkubwa wa vita ya Mjapani. Askari wanawachoma moto askari wenzao wa zamani, na picha zikaenda kwenye magazeti nchi nzima. Mwezi wa 11 mwaka huo huo Hoover akaangushwa kwenye uchaguzi na Roosevelt.

Kwa hiyo ilipofika 1944 wanasiasa walikuwa wanaangalia watu kama milioni 16 waliopita jeshini na wanajiuliza hawa wakirudi wote kwa pamoja hakuna kazi itakuwaje. Ilikuwa hofu, mjukuu. Na pia palikuwa na chama kikubwa cha wanajeshi wa zamani, American Legion, kina matawi kila wilaya, kikaandika rasimu ya sheria na kuwasukuma wabunge. Roosevelt akasaini tarehe 22 Juni 1944, siku 16 tu baada ya majeshi kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, kumpiga Mjerumani. Watu wakaiita GI Bill. Ada ya chuo mpaka dola 500 kwa mwaka, na kwa bei za wakati ule hiyo ilitosha hata vyuo vya watoto wa matajiri. Watu kama milioni 7.8 walisoma au kufundishwa ufundi kwa sheria ile, wa vyuo vikuu peke yao milioni 2.2. Mtoto wa mkulima, mtoto wa mchimba makaa, yuko darasani na mke na mtoto mchanga wanaishi kwenye kibanda cha bati cha jeshi nyuma ya chuo.

Ila ilikaribia kufa ile sheria na hapa ndipo jibu lako lilipo. Mwenyekiti wa kamati ya wanajeshi wa zamani bungeni alikuwa John Rankin wa Mississippi, mbaguzi wa wazi asiyejificha, na alichokuwa anakataa ni zile dola 20 kwa wiki, maana alijua askari mweusi aliyerudi akiwa na dola 20 mfukoni hatakwenda kuchuma pamba kwa ujira wa kumdhalilisha. Kamati ikagawana nusu kwa nusu. Kura iliyokosekana ilikuwa ya mjumbe mmoja wa Georgia, John Gibson, yuko kwao anaumwa, watu wakamtafuta usiku kucha wakampakia gari wakamkimbiza mpaka Florida akapanda ndege kwenda Washington, asubuhi akapiga kura sheria ikapita. Fikiria hilo, maisha ya mamilioni yanasubiri mtu mmoja atafutwe usiku.

Rankin alishindwa kuiua lakini pamoja na wenzake wa kusini alipata alichotaka kwa njia nyingine, utekelezaji ukaachwa mikononi mwa maofisa wa majimbo na mabenki ya kule kule. Serikali inadhamini mkopo sawa, lakini benki ya mjini ndiyo inaamua nani anakopeshwa. Mwaka 1947 ilihesabiwa mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba kwenye miji ya Mississippi, ya watu weusi ilikuwa miwili. Siyo asilimia mbili, mikopo miwili.

Kwa hiyo hawakupewa wote.

BintiKorona ameandika:

Mwalimu shikamoo. Nimesoma hiyo ya mikopo miwili nikaweka simu chini kwanza.

Mie nimezaliwa kambi ya shamba la mkonge, baba alikuwa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, mama alikuwa kwenye kuanika singa, nyuzi zenyewe, kwa hiyo mnipe nafasi niseme la mkonge maana naona humu wanaongelea Marekani kama iko mbali na Tanga. Haikuwa mbali. Mjapani alipoteka Ufilipino na Java 1942 ndipo Waingereza na Wamarekani wakakosa kamba, kamba za meli, kamba za jeshi, na zile nyembamba wakulima wa Marekani wanazofungia ngano na majani ya ng'ombe. Ikabaki Afrika Mashariki, na Afrika Mashariki maana yake Tanganyika na Tanganyika maana yake hapa kwetu, Muheza, Korogwe, Ngomeni, Pangani. Ndiyo maana watu walikamatwa kwa nguvu kupelekwa mashambani wakati wa vita, wengine wametolewa Kigoma huko, wengine Njombe na Songea, wakaitwa manamba kwa sababu mtu hana jina ana namba. Vita ilivyoisha mkonge ukapanda bei tena, na ilipokuja vita ya Korea 1950 ukapanda zaidi ya hapo, wazee wanakwambia matajiri wa mashamba walinunua magari mapya kila msimu miaka ile. Mshahara wa mkataji haukufuata bei.

Na mmea wenyewe mnajua ulitoka wapi? Mjerumani Dokta Hindorf aliuleta 1893 kutoka Florida, miche elfu ikasafirishwa ikafika mizima 62. Kila mkonge mnaouona ukienda Korogwe kwa basi ni wajukuu wa ile 62.

Kwa hiyo MjukuuWaKeya, babu yako na yule mkulima wa Marekani walikuwa wameshikana kamba moja, huyu anaikata huku yule anafungia majani kule kwenye trekta aliyokopeshwa na serikali yake. Nilitaka tu ulijue hilo.

MjukuuWaKeya ameandika:

Mwalimu shikamoo, na dada BintiKorona ahsante, hiyo ya kamba sikuwahi kuiwaza. Lakini mwalimu nina swali hapo hapo. Hao weusi wa Marekani walikuwa raia, walivaa sare ile ile, kwa nini hawakumpigia Rankin kura ya kumtoa?

MwalimuMstaafu_Pongwe ameandika:

Kwa sababu hawakuwa na kura. Kwenye karatasi wanayo tangu karne ya 19, ila kusini ukitaka kuandikishwa unaambiwa lipa kwanza kodi ya kura, halafu soma hiki kipande cha katiba ukieleze, na anayesahihisha ni karani mzungu ambaye ameshaamua. Mississippi weusi walikuwa karibu nusu ya watu wote na Rankin alikuwa anarudi bungeni kila baada ya miaka miwili bila wasiwasi.

Kuna kijana anaitwa Medgar Evers, kapigana Ulaya, karudi kwao Decatur, Mississippi, Julai 1946 akaenda na kaka yake na wenzao wachache waliotoka jeshini kupiga kura. Wakakuta kundi la wazungu wenye silaha limezuia mlango. Wakarudi nyumbani. Fikiria, mtu umemtoa Hitler huko halafu kwenu unazuiwa mlango wa ofisi ya wilaya! Huyu ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa haki za weusi kwenye jimbo lile na akauawa 1963 nje ya nyumba yake.

Na mwingine Isaac Woodard, Februari 1946, ameachishwa jeshi siku hiyo hiyo, yuko kwenye basi anarudi kwa mkewe bado na sare, akabishana na dereva kwa sababu aliomba kwenda haja. Basi liliposimama mji mdogo wa South Carolina akashushwa, mkuu wa polisi akampiga akamtoboa macho yote mawili. Kesi ilikwenda, wazee wa baraza wote wazungu, yule polisi akaachiwa. Rais alikuwa Truman, mtu wa Missouri, nyumba aliyolelewa watu walikuwa wanaongea maneno ya ubaguzi mezani bila haya, na mwenyewe alikuwa nayo. Lakini alikuwa mwanajeshi wa vita ya kwanza na habari ya Woodard ilimshika. Akaunda tume, na Julai 1948 akatoa amri jeshi lisibague tena. Mwaka wa uchaguzi ule! Wajumbe wa kusini wakajitoa kwenye chama chake wakasimamisha mgombea wao, Strom Thurmond, kila mtu anasema Truman kaisha, gazeti moja la Chicago likachapisha kabisa kwamba mpinzani wake Dewey kashinda, asubuhi Truman ana kura 303 za wajumbe wanaochagua rais, kashinda yeye. Kura za weusi waliokuwa wamehamia kaskazini, Chicago na Detroit na New York, walikoweza kupiga, zilimsaidia sana.

Sasa ona tofauti hiyo. Mweusi wa Chicago amehama na kura yake imezaliwa, Rais anamsikiliza. Ndugu yake wa Mississippi hana, benki inamfukuza. Na babu yako je? Alilipa kodi ya kichwa maisha yake yote na hakuwa na wa kumchagua mpaka 1958, na hata huo wa 1958 ulikuwa wa kura tatu, mtu anachagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja, na masharti ya kipato na elimu, mkata mkonge hakuingia. Kule weusi walidaiwa kodi ndiyo wapige kura, huku tulilipa kodi na kura hatuioni.

Chumbageni_Uchumi ameandika:

Mwalimu kwa heshima zote hapa sikubaliani na wewe. Kura ni kitu kikubwa lakini hela ndiyo inaamua. Marekani bomu halikuanguka kwenye kiwanda chake hata kimoja, vita ilipoisha karibu nusu ya viwanda vya dunia nzima viko kwake. Uingereza aliyetutawala alikuwa kafilisika kabisa, 1946 alikwenda kukopa Marekani dola bilioni 3.75, mkopo wameumaliza kulipa 2006, mkate wenyewe wakaanza kupimiana kwa kadi wakati hata vitani haukupimwa, na mgao wa vyakula haukuisha mpaka 1954. Sasa mtu anayepimiwa mkate angempa babu wa Muheza chuo kutoka wapi? Tuseme ukweli tusiweke siasa kila mahali.

MwalimuMstaafu_Pongwe ameandika:

Nakubali hela zilikuwa chache Uingereza, umesema kweli na tarehe zako ziko sawa. Lakini nijibu mawili.

Moja, Uingereza hiyo hiyo iliyofilisika ilianzisha matibabu ya bure kwa watu wake wote Julai 1948. Wanajeshi wao na wake zao walipiga kura 1945 wakamtoa Churchill aliyewashindia vita, kwa sababu mpinzani wake Attlee aliahidi nyumba na hospitali. Wakapata hospitali wakiwa bado wanapimiwa nyama.

Pili, karanga! Umesahau karanga? 1947 walikuja kufyeka pori Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ili walime karanga za mafuta kwa sababu akina mama wa Uingereza walikuwa hawana mafuta ya kupikia na wanalalamika. Wakanunua matrekta chakavu ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, mbuyu ukivunja trekta wanaleta jingine, udongo wa Kongwa jua likiwaka unakuwa kama sementi karanga hazing'oleki. Mwanzoni mwa 1951 wakafunga. Hasara ilikuwa paundi milioni 36, hapa hapa Tanganyika, miaka ile ile babu yake huyu kijana anakata mkonge. Hela zilikuja, mdogo wangu. Zilikuja kumtafutia mafuta mama wa Uingereza kwa sababu yeye ana kura na waziri anamuogopa.

Chumbageni_Uchumi ameandika:

Hiyo ya karanga umenibana mwalimu. Baba yangu mkubwa alikuwa Kongwa dereva wa trekta. Natafakari.

MamaNasra_Ngamiani ameandika:

Jamani nimekaa naandaa kahawa ya jioni nawasoma na nyote mnaongea wanaume na wanaume, kijana ameuliza watu wa kawaida waliishije, na wanawake je?

Mimi niliishi Marekani miaka 6 nikimlea bibi mmoja mzee sana, kazi ya kukaa na wazee, Mungu amrehemu, na yeye alikuwa msichana wakati wa vita. Aliniambia alikuwa anachomelea meli huko pwani ya magharibi, mshahara wake mwenyewe, na watoto wa wenzake wanalelewa kwenye nyumba za malezi zilizogharamiwa na serikali ili mama afanye kazi. Vita ilipoisha wiki hazikupita nyingi akaambiwa ahsante nenda nyumbani mwanaume anarudi, na zile nyumba za malezi zikafungwa mwanzoni mwa 1946. Akaolewa ana miaka 20, na hiyo ndiyo ilikuwa kawaida, wasichana wa miaka ile walikuwa wanaolewa na 20. Watoto wanne. Ndiyo kile kizazi kikubwa walichozaa kuanzia 1946 mpaka 1964, watoto milioni 70 na kitu.

Nyumba alikuwa anaiongelea sana. Mwanzoni walikaa kwa mama mkwe chumba kimoja na pazia katikati kwa sababu nyumba hakuna, nchi tajiri kuliko zote watu wanalala kwa wakwe, na aliniambia Chicago watu walinunua mabehewa ya tramu ya zamani wakaishi humo. Halafu akaja mjenzi mmoja anaitwa Levitt na wenzake wakawa wanajenga nyumba kama kiwandani, wafanyakazi wanapita nyumba hadi nyumba huyu anapiga msumari tu, yule rangi tu, 1947 walianza kwenye mashamba ya viazi Long Island, zikafika nyumba zaidi ya 17,000. Mtu wa jeshi alikuwa anaingia bila kutoa hata senti ya mwanzo. Jiko jipya, friji, na mashine ya kufulia, bibi yangu huyo alikuwa anasema siku mashine ya kufulia ilipoingia alikaa chini mbele yake akaitazama ikizunguka mpaka ikamaliza. Na televisheni, 1950 nyumba moja katika kumi ndiyo inayo, miaka kumi baadaye karibu kila nyumba.

Lakini mkataba wa Levittown ya kwanza, ndiyo mji wa nyumba hizo za Levitt, uliandika wazi kwamba nyumba isikaliwe na asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mahakama Kuu yao ilisema 1948 kwamba mahakama zisisimamie mikataba kama hiyo, Levitt akaendelea kutouzia weusi hivyo hivyo. Ile Levittown ya Pennsylvania familia ya kwanza nyeusi iliingia 1957, familia ya Myers, na baba mwenye nyumba alipigana vita. Watu walikusanyika nje usiku baada ya usiku wanarusha mawe kwenye madirisha.

Nilimuuliza bibi, mtaani kwenu walikuwepo weusi? Akanyamaza. Kisha akasema, sikuwahi kuuliza kwa nini hawapo. Aliniambia hivyo nikiwa namlisha uji, na mimi mweusi nimeshika kijiko.

Na jambo jingine wanaume hamlijui, yule mama mwenye friji na mashine ya kufulia alikuwa hawezi kupata mkopo benki bila sahihi ya mume, mpaka sheria ya 1974.

BintiKorona ameandika:

Mama Nasra shikamoo. Sina la kuongeza hapo, nimelia.

Niulize tu, vyama vya wafanyakazi kule vilikuwaje? Maana huku sie tuligoma pia, miaka ya mwisho ya 50 mashamba ya mkonge yaliwaka, Mzee Victor Mkello akiongoza chama cha wafanyakazi wa mkonge.

Chumbageni_Uchumi ameandika:

Hilo naweza. Vita ilipoisha bei zikapanda mishahara imesimama, 1946 ilikuwa mwaka wa migomo mikubwa kuliko yote Marekani. General Motors peke yake siku 113, makaa ya mawe, chuma, reli. Na nyama ikapotea madukani kwa sababu serikali ilikuwa bado inapanga bei na wafugaji wakagoma kupeleka ng'ombe machinjioni, akina mama wanapanga foleni buchani hakuna kitu. Hasira zote hizo zikamwangukia Truman, Novemba 1946 chama pinzani cha Republican kikachukua mabunge yote mawili, na kwenye uchaguzi huo huo mmoja waliingia bungeni kwa mara ya kwanza Nixon, Kennedy na yule Joseph McCarthy. Bunge hilo likapitisha sheria ya kuvibana vyama vya wafanyakazi, Taft-Hartley ya 1947, Truman akaikataa wakaipitisha juu ya kichwa chake, na moja ya masharti viongozi wa vyama waape kwamba siyo wakomunisti. Baadaye McCarthy akaanza kutafuta wakomunisti kila kona, watu wakafukuzwa kazi kwa kwenda mkutano mmoja miaka 15 nyuma. Paul Robeson mwimbaji alinyang'anywa pasi 1950 akakaa miaka 8 hawezi kutoka nchini, kosa kubwa ni kusema nje ya nchi jinsi weusi wanavyotendewa.

Ila viwanda vya magari walipata vizuri. 1950 chama cha Walter Reuther kilisaini na General Motors mkataba wa miaka mitano wenye pensheni na bima ya matibabu. Truman alitaka bima ya nchi nzima tangu 1945, chama cha madaktari kikaipiga vita ikafa, kwa hiyo matibabu yakabaki kitu unachopewa na mwajiri, na mpaka leo wengi kule wakipoteza kazi wanapoteza na bima ya kazini. Nakiri mwalimu, hapo pia ni nani alikuwa mezani wakati wa kugawa.

Na BintiKorona, kuna mama mmoja mweusi wa vyama vya New York, Maida Springer, alikuja Tanganyika miaka hiyo hiyo unayoisema kuwasaidia vyama vya wafanyakazi, na alikuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere. Mwalimu alikuwa ameshakwenda New York Umoja wa Mataifa 1955 kutuombea, maana sie tulikuwa nchi ya udhamini siyo koloni kamili, na barua zetu zilikuwa na mahali pa kufika. Ndiyo mlango tuliokuwa nao kabla ya kura.

MwalimuMstaafu_Pongwe ameandika:

Vizuri sana wote. MjukuuWaKeya, ile karatasi ya babu ya kuachishwa jeshi bado ipo? Kama ipo itazame vizuri mbele na nyuma. Nimewahi kuona za wazee wawili huku Pongwe, zina namba ya kikosi, tarehe, tabia, na kuna mstari unaoandika kazi aliyofundishwa jeshini. Mwanao akiandika habari ya Marekani baada ya vita aiweke karatasi hiyo pembeni, ni ushahidi wa mwaka ule ule.

MjukuuWaKeya ameandika:

Samahanini kwa kimya cha siku tatu, nilikwenda Muheza kwa shangazi. Karatasi ipo, ilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kanga za bibi, imekunjwa mara nne na kwenye mikunjo imeanza kuachia. Mwanangu ndiye aliyesoma maana macho yangu yalikuwa hayaoni vizuri wakati ule. Kikosi kinasomeka, 36. Tabia wameandika nzuri sana. Kazi aliyofundishwa, dereva wa lori.

Shangazi alikuwa hajui. Baba yangu alikufa hajui. Babu alikata mkonge zaidi ya miaka 20 na malori ya shamba yanampita kila asubuhi, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kujua kwamba alikuwa anajua kuendesha.

Mwanangu ameinakili yote kwenye daftari, ukurasa unaofuata ule wa dola 20.

Ahsanteni.